Mama Dirisha Anastaafu, Benchi la Alhamisi Linabaki na Nani?

Ndugu zangu wa matawi yote mnaosoma jarida letu hili, salaam nyingi ziwafikie. Natumaini hamjambo nyote, wazee na watoto, na walio vitandani Mwenyezi Mungu awanyanyue. Huku tawini kwetu tuko salama, ila kifua kidogo kwa baadhi yetu, maana kiyoyozi cha ukumbini kinapuliza kama kina ugomvi na mtu.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Mama Dirisha atafunga dirisha lake la tatu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Nimeombwa niandike habari zake. Kazi yangu ni chai, mafaili na funguo za stoo, kwa hiyo kama mtakuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mkiendelea kusoma.

Kabla sijasema lolote, niwaambie linalotuumiza kichwa. Kila Alhamisi, nusu saa kabla mlango haujafunguliwa kwa huduma, Mama Dirisha hukaa kwenye benchi la korido na watu humuuliza chochote kuhusu pesa. Bure. Amefanya hivyo miaka ishirini na saba. Sasa imekuja barua kutoka makao makuu kwamba shughuli hiyo haimo kwenye muundo wa kazi, na kwamba akishaondoka, benchi litatolewa na nafasi yake kuwekwa mashine nyingine ya kutolea hela. Meneja wetu amebembeleza, wakamkubalia kwa sharti moja: yapatikane majina mawili ya wafanyakazi watakaoshika Alhamisi kwa hiari yao, kabla ya tarehe hiyo ya thelathini. Wawili, ili mmoja akiumwa mwingine awepo. Hilo ndilo jambo, na ndiyo maana nawaandikia kwa urefu. Msomapo yafuatayo mjue tunaogopa kupoteza nini.

Mama Dirisha aliingia benki akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alianzia chumba cha mafaili, kwenye vumbi la kupiga chafya, na mwaka wa tatu akapelekwa dirishani. Jina lake hili alipewa na mteja mmoja aliyesahau jina lake halisi, akamtuma mkewe amsalimie "yule mama wa dirisha". Wakati huo hakuwa mama wa mtu yeyote, alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa. Jina likaganda. Hata mumewe, ambaye ni fundi bomba, humwita hivyo, na hupenda kusimulia kwamba nyumbani akiomba hela ya misumari huambiwa, "Hela ipo, ila iko kazini."

Utani huo una historia yake, nami nilikuwepo.

Ilikuwa Jumatano, mwaka wake wa saba. Mimi nilikuwa bado mgeni, nafagia. Akaja mteja mmoja mfyatua matofali, mzee mwenye mikono kama tofali lenyewe. Alikuwa ameweka akiba yake miezi mitano iliyopita, na kabla ya kuiweka alitia kitone cha wino wa buluu kwenye kona ya kila noti. Alifika dirisha la tatu akasema:

"Binti, leo sitaki kutoa. Nataka kuziona tu."

"Kuona nini, mzee?"

"Noti zangu. Nizione, nizipungie mkono, niende zangu."

Mama Dirisha hakucheka. Yeye hamcheki mteja, hucheka akishafika jikoni kwangu. Akamjibu ukweli kama alivyofundishwa: "Mzee, noti zako hazipo hapa." Na hapo hapo msimamizi akamwita akatie sahihi kitu ndani. Akasema "nisubiri kidogo", akainuka. Hakukaa huko hata dakika nne. Aliporudi, mzee hakuwepo dirishani.

Mfyatua matofali alikuwa ameshavuka barabara hadi kwa kinyozi. "Benki wameniambia wenyewe," alimwambia kinyozi, "hela yangu haipo." Kinyozi akamwacha mtu nusu kichwa, akaenda kwa muuza magazeti. Habari ilipofika kituo cha mafuta, ilishakuwa kwamba meneja wetu katoroka na gari, wakati meneja wa siku zile hata baiskeli hakuwa nayo. Saa tano kamili foleni ilitoka mlangoni, ikapita duka la dawa, ikakunja kona. Watu walishika vitabu vyao vya benki vifuani kama cheti cha kuzaliwa. Mama mmoja alikuja na mtoto kajaa povu la sabuni masikioni, alimtoa kwenye beseni.

Sasa ndugu zangu, ninyi mnajua, lakini jarida hili husomwa pia na wake zetu, waume zetu na wazazi wetu, kwa hiyo nieleze. Hakuna benki yoyote inayoweka ndani hela yote ya watu wote. Inabakiza kiasi cha kuwatosha wanaokuja kutoa siku kwa siku, na nyingine inakopesha, ndiyo inapopata cha kumlipa aliyeweka, cha kutulipa sisi, na cha kununulia hata sukari ya chai yangu. Siku zote hiyo inatosha, kwa sababu si wote wanaotaka hela kwa wakati mmoja. Wakitaka wote kwa wakati mmoja, hata benki nzima kabisa, isiyo na kasoro, inaanguka. Inaanguka kwa hofu tu. Na hofu ile ilizaliwa na sentensi moja iliyokatwa katikati.

Meneja alikuwa ofisini, kola imelowa. Nilikuwa nimempelekea maji, nikasikia.

"Fungeni mlango," alisema. "Mwambieni mlinzi aseme umeme umekorofisha."

"Bosi," Mama Dirisha alisema, "tukifunga leo, kesho hatufungui tena."

"Na wewe unyamaze! Si wewe uliyewaambia haipo?"

"Ni mimi. Ndiyo sababu naomba nitoke nikamalizie. Nilisema nusu."

Meneja alikuwa ameshapiga simu makao makuu, na wao wameshaongea na Benki Kuu, ile benki ya mabenki, ambako kila benki huweka akiba yake ya siku mbaya. Gari la fedha lilikuwa njiani, lakini lisingefika kabla ya saa tisa alasiri. Hela iliyokuwa kwenye kasiki ilitosha kwa muda wa saa mbili tu, kama foleni ingebaki vile vile. Akasema, "Toka. Lakini wakivunja vioo, usirudi kuulizia mshahara wako."

Akatoka. Mlinzi wetu, ambaye naye alikuwa kijana wakati ule, alimpa kreti la soda apande. Nami nikasimama mlangoni na ufagio, namuomba Mola kimoyomoyo.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyesema hela haipo," alianza.

"Tunakujua! Tupe hela, acha hotuba!"

"Hatukuja shule hapa, dada!"

"Nilisema nusu, sasa nasema yote. Haipo yote. Iliyomo ndani ni ya wanaohitaji leo, na madirisha matatu yako wazi, yanalipa sasa hivi ninavyoongea. Nyingine iko kazini."

"Kazini wapi?" mtu alipaza sauti. "Inavaa sare?"

Foleni ikacheka, kicheko cha watu wenye hasira. Mfyatua matofali alikuwa karibu, akauliza kwa uchungu: "Kazini kwa nani? Mtaje huyo mtu."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Dirisha anageuka kuitazama foleni. Alikuwa anawajua. Kwenye foleni ile ile, kwa macho yake, aliwaona watu sita au saba waliokopa kwetu, na wengine alijaza fomu zao kwa mkono wake. Jibu la mzee lilikuwa limesimama mbele yake na vitabu vya benki mkononi. Angemtaja mmoja tu, kila mtu angeelewa. Lakini kila anayeingia benki anakula kiapo cha kutunza siri za wateja, hata mimi wa ufagio nilikula.

Akasema, "Siwezi kumtaja. Nimeapa."

"Hawezi kwa sababu hayupo!"

"Yupo. Wako hapa hapa. Mwenye mkopo wa benki hii akitaka kusema mwenyewe, aseme. Asipotaka, mimi sitamsema hata mkinipiga mawe. Na siku mkikopa ninyi, sitawasema vilevile."

Mnajua aibu ya kusema unadaiwa mbele ya majirani. Watu walitazama viatu vyao. Nilihesabu matofali ya ukuta wa duka la dawa mpaka macho yakaniuma. Mlinzi aliweka mkono kwenye komeo la mlango, tayari.

Kisha mwanamke mmoja akatoka kwenye mstari, mita ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi mmoja wa nguo wa pale kona, mwenye maneno yake.

"Mimi," alisema. "Cherehani zangu nne mnazoziona kila siku ni mkopo wa hapa. Nalipa kila mwezi, na riba juu."

"Kumbe unadaiwa!" kinyozi alimtania. "Na unavyotupita na kanga mpya!"

"Nadaiwa, ndiyo. Na hiyo suruali uliyovaa, kinyozi, umeshonewa na nani? Hata hujamaliza kunilipa."

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Mfyatua matofali alimsogelea. "Kwa hiyo hela yangu imo kwenye cherehani zako?"

"Yako na ya wengine, mzee wangu, zimechanganyika. Ukiitaka yote leo, benki itanidai yote leo, nami niuze cherehani leo. Nani ataninunulia kwa bei yake? Wote mko kwenye foleni!"

Basi. Nimewahi kusikia wakubwa wakieleza jambo hilo kwa michoro ukutani, na sijamsikia aliyelieleza vizuri kuliko fundi yule. Baada yake akajitokeza mwoka mikate, akataja tanuri lake. Akafuata mwenye mkokoteni wa maji, na nesi mmoja aliyekopa kumalizia paa. Sitaki niseme watu wote waliondoka wakiimba. Wengi walibaki, wakachukua chao, wakalipwa hadi senti ya mwisho. Lakini mbio zilikwisha. Mtu alikuwa akiona wa mbele yake amelipwa, anafikiri kidogo, anatoka kwenye mstari anakwenda zake. Saa tisa na nusu gari la fedha lilipofika, ndani mlikuwa na watu kumi na wawili tu, na hela ya kasiki haijaisha.

Wa mwisho alikuwa mfyatua matofali. Alitaka yote, akapewa yote. Akakagua kona ya kila noti.

"Hizi siyo zangu."

"Ni zako, mzee."

"Zangu zina wino."

"Mzee, ukimkopesha jirani kibaba cha mchele, anakurudishia punje zile zile? Noti ni karatasi. Thamani yake ni kwamba mimi naikubali, na kinyozi anaikubali, na fundi anaikubali. Siku tukikataa wote, hata zenye wino wako utawashia jiko."

Mzee alikaa nazo magotini muda mrefu. Kesho yake asubuhi alizirudisha, hajazitia wino.

Kwa kosa lile la kumwacha mteja na nusu ya jibu, Mama Dirisha alipewa barua ya onyo, na hakuilalamikia. Alisema aliistahili. Kesho yake, Alhamisi, alifika nusu saa mapema, akaburuta benchi la stoo hadi koridoni, akakaa. Mlinzi akamuuliza anangoja nini. Akajibu, "Nangoja maswali, kabla hayajafika kwa kinyozi." Ndivyo benchi lilivyoanza.

Miaka iliyofuata alipanda cheo akawa mkuu wa makeshia, lakini meza yake aliiomba iwekwe nyuma ya dirisha lile lile. Alifundisha makeshia tisa ambao leo wako kwenye matawi yenu, na mkiwaona wanamtazama mteja usoni kabla ya kutazama karatasi, mjue wametoka mikononi mwake. Si kwamba hana udhaifu. Ni mzito wa kwenda. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote kwa sababu hamwachii mtu aondoke na fomu asiyoielewa, na wenye haraka walimnung'unikia, wengine kwa haki. Chai yake huipoza mpaka iwe maji ya bomba, halafu hunilaumu mimi.

Lakini kwenye benchi hana mfano. Siku moja kijana mwendesha pikipiki alimuuliza kwa nini serikali isichapishe hela nyingi tugawane, umaskini uishe Jumatatu. Mama Dirisha alinyanyuka, akachomoa vile vikaratasi vya namba vya foleni, akamgawia kila mtu vitano vitano. "Haya, sasa mna vikaratasi vingi. Viti vya kukalia ukumbini vimeongezeka?" Viti vilikuwa kumi. Kijana alitazama, akasema, "Ah, kumbe tutauziana kiti kimoja kwa vikaratasi vitano." Mama Dirisha akamwambia, "Ndiyo bei kupanda, mwanangu. Umejifundisha mwenyewe."

Kuhusu riba alisema ni kodi. Ukipanga chumba cha mtu unalipa kodi, ukipanga hela ya mtu unalipa riba. Na waliomwambia imani yao hairuhusu riba, hakubishana nao hata siku moja. Aliwaonyesha akaunti isiyo na riba, akawajazia fomu, akawaombea heri. Mimi ni mtu wa kusali, na jambo hilo lilinipendeza sana.

Kuna aliyekuja amejaa furaha, anakwenda kumdhamini shemeji yake mkopo. "Shemeji yangu ni mtu mzuri," alisema.

"Sikuulizi uzuri wake, baba. Nauliza mfuko wako. Asipolipa yeye, benki itakuja kwako. Utaweza?"

"Mbona unamwombea mabaya?"

"Simwombei. Nakusomea mstari wa saba wa karatasi unayotaka kuitia sahihi."

Mtu yule akairudisha kalamu, akaenda kuongea kwanza na mkewe. Nasikia hadi leo yeye na shemeji yake ni marafiki, na kila mmoja anasema ni kwa sababu hakuna aliyemdhamini mwenzake.

Na akiulizwa asilolijua, alisema "sijui" kwa sauti, mbele za watu. Aliwahi kuulizwa kwa nini noti za nchi jirani zinapanda na kushuka kila siku dhidi ya zetu. Akasema, "Sijui vizuri, njooni Alhamisi ijayo." Jumamosi akapanda basi kwa nauli yake hadi makao makuu, akamtafuta anayejua. Alhamisi akalieleza, tukaelewa mpaka sisi wa jikoni.

Kwa miaka hiyo ishirini na saba, ndugu zangu, tawi letu halijaona tena foleni ya hofu. Uvumi umekuja mara nyingi, siku hizi unakuja kwa simu, unafika kabla hujamaliza kuusoma. Lakini watu wetu wamezoea kuuleta kwanza benchini. Mashine mpya ni nzuri, inatoa hela usiku na mchana na haina kifua kama sisi. Ila haijawahi kumwambia mtu fikiri kwanza.

Wafanyakazi tulikusanya mchango wa kumnunulia friji. Alipopata habari alitujia jikoni, miwani puani. "Friji ninalo," alisema, "tena linapiga kelele, la pili litaamsha mtaa. Mkinipenda, nipeni majina mawili." Meneja, mtu mwema mwenye shahada zake, akamuuliza ni lazima wawe wasomi? Akasema ni lazima wawe na subira, usomi atawaachia kwenye daftari. Na kweli ameandika daftari zima, maswali mia mbili na kumi na moja, kwa mwandiko wake wa kusimama wima.

Jina la kwanza limeshapatikana. Ni la mlinzi wetu wa mlangoni, ambaye bado ana miaka minane ya utumishi mbele yake. "Mimi somo hili nimelisikiliza miaka ishirini na saba nikiwa nimesimama," alisema akiandika. "Sasa nataka nilifundishe nimekaa." Tulicheka sote, na Mama Dirisha alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Mstari wa pili bado mweupe. Nimekaa na kalamu mbele yake mara mbili, na mara mbili nimeirudisha, nikiogopa shule yangu kuwa ndogo. Asipojitokeza mtu, Mungu akinipa nguvu, nitaujaza mimi. Lakini ningefurahi zaidi mmoja wenu akiniwahi, hata kama yuko tawi la mbali na angeomba uhamisho. Meneja amesema ataupigania.

Mama Dirisha, ahsante kwa miaka yako yote, na kwa kutufundisha kumaliza sentensi. Mwenyezi Mungu akupe afya, macho yenye nuru, chai ya moto, na asubuhi zisizo na kengele. Wewe na fundi bomba wako mzeeke pamoja kwa amani.

Nanyi ndugu zangu, karatasi ya majina iko kwa karani wa mapokezi, na simu ya tawi mnayo. Nawaomba mnijibu mapema, tafadhali, kabla ya tarehe thelathini.